Bi Nafasi Anakabidhi Ubao wa Nyumba Saba

Tarehe thelathini mwezi huu wa sita, saa tisa alasiri, mwanangu atastaafu baada ya kuitumikia kampuni hii miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja. Mtasema si ajabu, maana alikuwa analala chumba kilichopakana na ofisi, lakini nimeliandika kwa kuwa ni kweli. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Bi Nafasi. Mimi nina jina lingine la kumwita, ila humu nitatumia lenu.

Nianze na lile ambalo kila mtu ananiuliza akinikuta njiani: akikabidhi na ufunguo wa chumba hicho, atakwenda kuishi wapi? Ninapoanza kuandika sijui. Kwangu kuna chumba chake. Kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka jipya, na dirisha nimelipaka rangi mwenyewe na umri wangu huu wa miaka sabini na tisa. Yeye hajasema neno. Kwa hiyo msinisome kama mtu aliyetulia.

Mtauliza pia kwa nini wasifu wa mtumishi umeandikwa na mama yake. Aliyepewa kazi hii ni mhasibu. Aliandika mistari kumi na moja, akanisomea kwenye simu ili nihakikishe tarehe. Nikamwambia, "Baba, umeandika vizuri sana, ila mwanangu hayumo." Akacheka, akasema basi niandike mimi. Haki hiyo ninayo, kwani mimi pia ni wa humu humu. Miaka ishirini na miwili nilikuwa dobi wa nyumba hizi saba, na shuka nililolipiga pasi mimi ungeweza kulisimamisha wima. Darasa langu ni la sita, lakini mwandiko wangu unasomeka, na kwa habari za huyu mtu hakuna profesa wa kunizidi.

Kwa wageni wa leo ambao hawajui kazi yake ilikuwa nini, nitaeleza. Kampuni ina nyumba saba zenye vyumba thelathini na kimoja. Unaweza kuikodi nyumba nzima, wewe na watu wako, au unaweza kukodi chumba kimoja tu, sebule na jiko ukatumia pamoja na wengine. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Sasa fikiri. Mgeni mmoja akishika chumba kimoja kwa siku moja, nyumba ile haiwezi tena kutolewa nzima siku hiyo, hata kama vyumba vyake vingine vyote ni vitupu. Na mtu akiishika nzima, kila chumba ndani yake lazima kifungwe papo hapo, hata kile kidogo cha karibu na stoo ambacho kila mtu hukisahau. Nyumba ni ile ile, lakini unaitoa kwa namna mbili, na namna moja ikishiba nyingine inalala njaa.

Kabla hajaja yeye kulikuwa na madaftari mawili, moja la nyumba nzima na lingine la vyumba, na kila daftari lilikuwa na karani wake. Makarani hao walikuwa hawasemezani. Mengine mnaweza kuyakisia wenyewe. Mimi nilikuwa na miaka sita kazini, na nilishaona familia mbili zimesimama kwenye kibaraza kimoja na masanduku yao, kila moja ikionyesha karatasi yake.

Mwanangu alipoajiriwa, akiwa na miaka ishirini na saba, hakusema kitu mwezi mzima. Mwezi wa pili akamwita seremala, akamtengenezea mbao mbili kubwa, moja ya mwezi huu na nyingine ya mwezi ujao. Kila ubao una mistari thelathini na minane, saba ya nyumba nzima na thelathini na mmoja ya vyumba, na kila mstari una misumari thelathini na mmoja ya tarehe. Hiyo ni misumari elfu moja mia moja sabini na minane kwa ubao mmoja. Sikuambiwa, nimeihesabu.

Vya kutundika nilitoa mimi. Mahali pa kufulia, vifungo vya nguo za wageni hukatika kila siku, na nilikuwa nimejaza kopo zima. Vile vikubwa vyeusi vya makoti vikawa vya nyumba nzima, na vile vidogo vyeupe vya mashati vikawa vya chumba. Nyumba ikichukuliwa nzima, alitundika vyeusi kuanzia mstari wa nyumba mpaka chumba cha mwisho, na hapo hata mtu asiyejua kusoma angeelewa kwamba hapo hapaguswi. Kikitundikwa cheupe kimoja, mstari wa nyumba ulikuwa unazibwa saa ile ile kwa uzi mwekundu. Na alikuwa na kanuni moja: weka kifungo kwanza, ndipo useme ndiyo. Mgeni akilalamika kwenye simu kwamba ana haraka, alimjibu kwa upole, "Nakusikia, baba, naweka kifungo." Baada ya mwaka mmoja wageni wenyewe walikuwa wanapiga simu na kuuliza, "Dada, umeshaniwekea kifungo?" Hivi karibuni mwenye kampuni alisema ubao ule ndio uliomwokoa. Mimi nilikuwa nimeshalisema zamani, ila kauli ya dobi haiandikwi popote.

Sehemu ngumu ilikuwa kuamua. Tuseme ni Jumatatu, nyumba yenye ngazi iko wazi Ijumaa hadi Jumapili, na mtu mmoja anapiga simu anataka chumba Ijumaa. Ukimpa, umeivunja nyumba, na kesho yake familia ya watu kumi na wawili ikipiga, huna cha kuwapa. Ukimnyima, na familia yenyewe isitokee, nyumba inakaa tupu na mgeni wako amekwenda kwa wengine. Nimemwona mwanangu amesimama mbele ya ubao, simu begani, kifungo cheupe kati ya vidole, macho ameyafumba. Mwisho akajitungia utaratibu ambao bado umebandikwa ofisini. Nyumba haivunjwi kabla ya Jumatano saa sita mchana. Ikivunjwa, ivunjwe moja, na ijae ndipo uguse ya pili. Na mgeni akiombwa ahame chumba ili nyumba nyingine ibaki nzima, atakayembebea sanduku ni yule aliyemwomba. Hilo la mwisho vijana mnalipita haraka. Yeye hakulipita. Alivuka barabara na masanduku ya watu mpaka mwaka jana.

Kwa utaratibu huo, watu wanaosafiri peke yao walijikuta wamewekwa nyumba moja. Muuguzi aliyekuja kozi, mwalimu aliyehamishwa, mama aliyemfuata mume hospitali. Wakienda jikoni kuchemsha chai, wanakutana, na mtu aliyefika amenuna anaondoka ana rafiki. Wawili walioana na picha yao iko ukutani pale mapokezi. Aliyewakutanisha alikuwa anakunywa chai yake ofisini, kikombe juu ya kabati la funguo, mlango wazi ili asikie simu.

Kosa alilifanya, na yeye mwenyewe amenitaka nisilifiche. Lilikuwa la mwaka wa pili. Kwenye nyumba yenye ngazi, chumba namba nne, alikaa mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, ambaye alikuja kwa wiki mbili akakaa miaka. Mzee huyo hakuwa na tarehe ya kuondoka, wala hakupiga simu kuomba nafasi, maana alikuwa mle mle ndani. Kila mwezi mpya ukianza mwanangu alimtundikia vifungo vyake kwa kumbukumbu tu. Mwezi ule alikuwa amekunywa naye chai asubuhi, wakazungumza habari za mvua, akaenda kupanga ubao mpya, na mstari wa namba nne akauacha wazi. Alikuwa anamwona kila siku, ndiyo maana akamsahau. Siku mbili baadaye nyumba ikachukuliwa nzima na watu wa harusi.

Walifika mchana, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi pamoja, watu kumi na sita, wakamkuta mzee amekaa sebuleni na redio yake. Wa upande huu wakadhani ni wa upande ule, na wa upande ule wakadhani ni wa huku. Wakamwamkia, wakampa kiti cha mbele, wakampakulia. Yeye alidhani kampuni imeleta wageni wenye adabu sana. Siku ya pili shangazi wa bwana harusi akasimama mlangoni akauliza, "Hivi huyu mzee ni wa upande gani?" Mama wa bibi harusi akajibu, "Si wenu?" Shangazi akasema, "Wetu? Mimi wetu nawajua wote, hakuna anayekula polepole hivi." Ndipo mwanangu akaitwa. Alikuja mbio, kanga ya kazini imepinda, ameshaandaa maneno ya kuomba radhi na chumba kwingine. Shangazi akamzuia kwa mkono. "Mwache akae. Ameshatoa nasaha kwa maharusi, na zilikuwa nzuri kuliko za kaka yangu."

Watu hucheka sana nikisimulia hapo, na mimi huwaacha wacheke. Sehemu ya pili huwa siisimulii, leo naiandika. Watu wa harusi walipoondoka, mzee alishuka ngazi, akasimama dirishani pa ofisi, akauliza, "Binti, wale watu wangu watarudi lini?" Mwanangu akamwambia hawakusema. Mwezi uliofuata akauliza tena, na uliofuata. Kuanzia hapo mwanangu kila akipanga ubao mpya alianza na mstari wa namba nne kabla ya mwingine wowote, na akaanza kupanda kunywa naye chai jioni, dakika kumi kila siku, mpaka watoto wa mzee walipokuja kumchukua. Siku ile alilia. Alikuja kulia kwangu, mahali pa kufulia, nikampa foronya ajifutie.

Sasa niseme jambo ambalo halimo kwenye mistari ya mhasibu. Lilitokea mwaka wake wa kumi. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeuza vifaa vya maabara, mtu mpole, viatu vimeng'arishwa, aliyekuja siku tatu kila mwezi na hakutaka nyumba nyingine ila ile inayotazamana na ofisi. Nikiwa kwenye kamba za mashuka nilimwona anasimama dirishani kwa mwanangu nusu saa, na hakuna alichokuwa anauliza kuhusu vyumba. Safari ya saba akamwambia amepata kituo mji mwingine, na angependa waende wote, kwa heshima, kwa ndoa. Mwanangu akaja kunieleza. Mashine zilikuwa zinazunguka, ikabidi apaze sauti, na yule ni mtu wa aibu. Nikamjibu, "Na ubao atashika nani?"

Akasema, "Kweli, Mama." Akarudi ofisini.

Wakati ule nilijisifu kwamba nimeitetea kampuni. Lakini kampuni siyo niliyokuwa naiwaza. Nilikuwa mjane, kaka zake wawili walishahamia mbali, na nilitaka kumwona kila asubuhi kupitia dirisha la kufulia, basi. Hajawahi kunilaumu, hata kwa jicho. Nimeliandika kwa sababu leo mnampigia makofi ya miaka thelathini na mitatu, na mjue kwamba ishirini na mitatu ya mwisho ina mkono wangu.

Miaka sita baada ya hapo magoti yakanikatalia, nikaacha kazi, na lile dirisha nikaliacha hapo hapo. Kutoka kwangu hadi ofisini ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Mtu angesema si mbali. Lakini kazi yake inajaa wakati wengine wamepumzika. Shule zikifunga, nyumba zinajaa. Mwisho wa wiki, zinajaa. Watu wanapokwenda kwa mama zao, lazima kuna mtu amebaki kuwapa mahali pa kulala njiani, na mtu huyo alikuwa wangu. Miaka kumi na saba nimemtengea sahani, na mara nyingi jirani ndiye aliyeila.

Alinipigia simu kila siku saa saba na dakika saba mchana, wakati ambao wageni wa kutoka wameshatoka na wa kuingia hawajafika. Nilikuwa nimekaa karibu na simu tangu saa saba kasorobo. "Mama, umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" Kabla sijamaliza kueleza, simu nyingine inalia kwake. "Subiri kidogo, Mama." Sikuwa nakata. Nilikuwa namsikiliza akisema na wageni: karibu sana, tunakusubiri, kitanda kiko tayari, njoo salama. Mwanangu ana sauti nzuri. Mara nyingine alisahau kwamba niko kwenye laini, akakata, na mimi nilibaki na simu sikioni muda mrefu kuliko inavyofaa.

Mafanikio yake mengine nimeyasikia kwa mlinzi, kwani yeye hajisifu, hilo kaniachia mimi. Miaka tisa iliyopita kampuni ilimleta bwana wa kompyuta. Akatazama ubao, akatabasamu, akaagiza ushushwe. Akaziweka nyumba zote kwenye mtandao, mahali pawili: huku nyumba nzima, kule vyumba. Mwanangu alimwambia kitu kimoja tu: "Kaka, umezitoa kama nyumba kumi na nne. Ziko saba." Yule bwana akasema mashine inajua. Ubao haukushushwa. Mwanangu aliugeuza ukaangalia ukuta, na kila asubuhi aliuvuta, akatundika vifungo vyake kimyakimya, akaurudisha.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, akaona mashine imeitoa nyumba yenye geti jekundu nzima kwa timu ya wachezaji kumi na wanane, na wakati huo huo imetoa chumba namba mbili humo humo kwa mume na mke wazee. Wote wa Jumamosi. Yeye hakwenda kumcheka mtu. Aliwapigia wale wazee kabla hawajatoka kwao, akawaomba radhi, akawapa nyumba ya bustani, Jumamosi akawapokea kituoni mwenyewe na kuwabebea sanduku. Ndipo akamketisha bwana wa kompyuta mbele ya ubao, akampa kopo la vifungo, akamwambia, "Nipe nyumba nzima." Yule bwana akatundika cheusi kimoja kwenye mstari wa nyumba, akakaa. Mwanangu akamtazama. "Na vyumba je? Au umewaachia wachezaji paa tu?" Inasemekana yule bwana alikaa mbele ya misumari mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mashine aliyoitengeneza baada ya hapo haijawahi kukosea, na ndani yake ile amri ya kufunga yote pamoja ameiita kwa jina lake, Bi Nafasi. Mtakuwa mnalibonyeza jina la mwanangu hata yeye akiwa hayupo. Nimefurahi, ingawa sijui ni furaha ya namna gani.

Sasa narudi kwenye kile chumba. Nyumba yangu ina vyumba vitatu. Kimoja nalala mimi. Cha pili amepanga fundi cherehani, mwanamke mcheshi, mdomo hauna breki. Cha tatu ni cha mwanangu, na tangu alipoondoka sijampa mtu. Mdogo wake fundi, muuguzi, amekiomba mara tatu, kwa kuwa hospitali iko karibu. Kila akiomba namjibu kimeshikwa. Fundi ananitania: "Mama, kimeshikwa na nani? Mbona mgeni wako hata mswaki hajaleta?" Namwambia ashone nguo za watu. Siku moja akaniambia bila utani, akiwa ameinamia cherehani, "Mama, ukimwekea mtu nafasi miaka thelathini, si lazima awe anaihitaji." Niliingia kubadilisha shuka la kitanda ambacho hakikulaliwa.

Jumapili iliyopita, nikiwa nimefika hapa katika kuandika, mwanangu alikuja. Mchana, jua kali, amekuja kwa miguu. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba chake, akaketi kitandani, akapapasa shuka, akasema, "Umelipiga pasi wewe, Mama." Nikasema nani mwingine. Nikamletea maji. Fundi alikuwa amesimamisha cherehani upande wa pili wa ukuta, asikose kitu.

"Mama, nimepata nyumba," akasema.

"Ya nani?"

"Ya kupanga. Kule nyuma ya kiwanda cha matofali. Vyumba viwili."

"Wewe na nani?"

"Mimi."

"Na cha pili?"

"Kitakaa kitupu."

Nilimtazama nikadhani nimesikia vibaya. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote alikuwa hapati usingizi chumba kimoja kikikaa bila mtu. Akaona ninavyomtazama. Akasema, polepole, kama mtu aliyeyabeba maneno hayo njia nzima, "Nataka niamke asubuhi, Mama, kuwe na mlango ambao hakuna anayeniuliza kama uko wazi. Nifungue, nione hamna kitu, nifunge. Nataka kujua ikoje."

Maneno niliyokuwa nayo ni mengi. Nilitaka kumwambia, na mimi je. Nilitaka kumwambia dirisha hili nimelipaka rangi kwa ajili ya nani. Neno la kwanza lilishafika kwenye ulimi, na nikakumbuka mara ya mwisho aliyonijia na jambo lake na nilivyomjibu. Nikalimeza. Nikamuuliza kama madirisha ya nyumba hiyo yanafungika vizuri, maana mtaa ule una vumbi la matofali.

Akaniambia yanafungika. Akaniambia pia kuna kibaraza kidogo, na jirani ana kuku. Tulikaa hadi jua likapungua. Hakuna simu iliyolia, na mara mbili nilimwona anaipapasa mfukoni kwa mazoea. Alipoondoka nilimsindikiza hadi kona, magoti yangu haya yanaishia hapo, nikasimama nikamtazama akienda. Anatembea haraka bado. Hakugeuka, na mtu aliyepata nyumba yake hana sababu ya kugeuka.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliopo na sisi tuliotangulia kutoka, natoa shukrani kwa kampuni iliyomlea, kwa meneja aliyempigania apate kiti chenye mgongo, kwa mlinzi aliyemletea gazeti miaka yote, na kwa wageni waliorudi mara kwa mara wakimuulizia yeye kabla ya kuuliza chumba. Na ombi moja kwenu mnaobaki: msimpigie simu kumuuliza kitu kiko wapi. Kila kitu ameandika, kwa mwandiko mzuri, aliourithi kwangu.

Bi Nafasi, wenzako wa nyumba saba wanakuombea siku ndefu ambazo hakuna aliyezikodi, afya ya kuzitumia, na asubuhi za kukaa kibarazani bila kusikia mlio wa simu ya mtu. Umetupokelea watu wengi. Nenda kwa heri, nenda na jina lako safi.

Hilo ni lao. Langu ni fupi. Jana nimempa muuguzi ufunguo wa chumba chako. Ameleta mito miwili na ua kwenye kopo, ameliweka dirishani, linapendeza kwenye rangi ile. Kwa hiyo huku kwangu hakuna tena chumba kinachokungoja, wala kitanda cha kukutia huruma. Usije kwa ajili yake. Siku ukija, mwanangu, iwe mwezi ujao au mwakani, nitajua umenijia mimi.